Orval ikionjwa Tanga: uchungu wa Kiingereza, povu la Kibelgiji

Kwenye baa za Tanga, kuanzia Ngamiani hadi Raskazone, mhudumu huuliza swali moja kabla hajaleta bia: ya baridi au ya moto? Kwa Kilimanjaro au Safari swali hilo linatosha. Kwa Orval, bia ya watawa wa Ubelgiji, majibu yote mawili ni makosa. Ukiitoa kwenye friza na kuinywa hapohapo, harufu uliyoilipia hutainusa. Ukiifungua ya moto, yaani kwenye joto la chumba cha Tanga la nyuzi 30, itafoka na nusu yake itaishia mezani. Inataka katikati, nyuzi 12 hadi 14, na sehemu kubwa ya mapitio haya ni namna ya kuifikisha hapo, maana bia yenyewe inastahili usumbufu huo.

Orval hutengenezwa mahali pamoja tu, ndani ya abasia, yaani monasteri, ya watawa Wakatoliki waitwao Watrapisti, Notre-Dame d'Orval, kusini kabisa mwa Ubelgiji karibu na mpaka wa Ufaransa. Hakuna chupa kubwa wala kopo. Kuna chupa ya kahawia ya sentilita 33, iliyonenepa chini na kujibana kuelekea shingoni, na kilevi cha asilimia 6.2. Nembo yake ni samaki aliyeshika pete mdomoni: hekaya ya abasia inasema Matilda, mtawala wa Toscana huko Italia, aliangusha pete yake kwenye chemchemi ya hapo, akasali, samaki akaibuka nayo. Kwenye lebo kuna tarehe mbili, ya kujazwa na ya mwisho wa matumizi, zilizoachana miaka 5. Ya pili unaweza kuipuuza. Ya kwanza ndiyo itakayokuambia unakunywa bia gani, kwa sababu Orval ya miezi minne na ya mwaka na kitu ni vinywaji viwili tofauti.

Watawa kutengeneza kinywaji si jambo geni mkoani humu. Wabenediktini wa Sakharani, jirani na Soni kule Lushoto, wanajulikana kwa mvinyo wao. Watrapisti nao hufuata kanuni ya Benedikto, na nembo yao ya Kitrapisti ina masharti: bia itengenezwe ndani ya monasteri au jirani nayo kabisa, chini ya macho ya watawa, na mapato yaende kwenye matunzo ya jumuiya na misaada.

Sasa, Uingereza iko wapi humo ndani? Kiwanda kilianzishwa mwaka 1931 ili kutafuta fedha za kuijenga upya abasia, iliyokuwa magofu tangu mwaka 1793, wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa. Mtengeneza bia wa kwanza alikuwa Mjerumani, Martin Pappenheimer, na mmoja wa wenzake, John Vanhuele, alikuwa amefanya kazi Uingereza. Ndipo ilipoingia desturi ambayo haikuwa ya kawaida kwa Wabelgiji: kutia hopsi kavu, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu, kwenye bia iliyokwisha kuchacha, bila kuzichemsha. Hopsi zinazochemshwa saa nzima hutoa uchungu, lakini mafuta yake ya harufu huondoka na mvuke. Zinazotiwa mwishoni hubaki na mafuta yake. Ni tofauti ya mchaichai uliochemshwa nusu saa kwenye sufuria isiyo na kifuniko na mchaichai uliotiwa kwenye birika lililokwisha kuepuliwa.

Waingereza walikuwa wakifanya hivyo kwenye mapipa ya bia yao iitwayo bitter, yaani chungu, ambayo ndiyo kinywaji cha kila siku cha baa zao: rangi ya shaba, gesi kidogo, kilevi kisichozidi sana asilimia 4, uchungu wa hopsi kama Fuggle na East Kent Goldings. Huhudumiwa kwa joto la pishi, nyuzi 11 hadi 13, na huko ndiko lilikotoka lile neno la kwamba Waingereza hunywa bia ya moto. Moto kwa kipimo cha nani?

Kwa upande wa Ubelgiji, sukari ndiyo ya kwanza. Pamoja na kimea cha shayiri cheupe na kimea kidogo cha karameli, chunguni hutiwa sukari ya kandi ya maji. Wengi hudhani sukari huifanya bia kuwa tamu, kumbe hamira huimaliza yote ikageuka kilevi na gesi, na bia hubaki nyepesi na kavu kuliko ambavyo ingekuwa kama nguvu ileile ingetafutwa kwa kimea peke yake. La pili ni kuchacha tena ndani ya chupa, kunakoipa Orval gesi nyingi kupita karibu bia yoyote utakayoikuta kwenye grosari. Mwingereza angeiona kama soda.

La tatu ndilo linalokosewa sana. Hamira ya kawaida ikimaliza kazi, Orval hupewa hamira ya pori, Brettanomyces. Mnywaji akikutana na harufu yake ya ngozi na zizi husema hapo ndipo Ubelgiji penyewe. Lakini jina lenyewe maana yake ni kuvu wa Uingereza. N. Hjelte Claussen, mtafiti wa kiwanda cha Carlsberg huko Copenhagen, aliitangaza mwaka 1904 baada ya kuikuta kwenye bia za Kiingereza zilizolazwa muda mrefu, akaeleza kwamba hiyo ndiyo iliyozipa ladha yake. Bia hizo za kulazwa zikafifia Uingereza, na hamira ikapotea nazo. Wabelgiji wakabaki nayo. Mwaka huohuo wa 1904, umoja wa watengeneza bia wa Ubelgiji ulitangaza shindano la kutafuta bia ya kwao ya kukabiliana na bia za Kiingereza za aina ya eli (ale) zilizokuwa zikiwanyang'anya wateja, na kutoka hapo ikakua jamii ya bia za rangi ya kaharabu ambayo De Koninck ya Antwerp ni ndugu yake anayejulikana sana. Kwa hiyo anayeonja Orval kisha akagawa, uchungu huu wa Uingereza na zizi hili la Ubelgiji, amegawa vibaya. Vyote viwili vina asili ya Kiingereza. Cha Kibelgiji hasa ni ukavu na povu.

Hatua zake kwa kifupi: kwanza siku chache za kuchacha kwa hamira ya kawaida ya kiwanda, kisha wiki mbili hadi tatu kwenye matangi ya nyuzi 15 hivi, pamoja na hopsi kavu na hamira ya pori, kisha bia huchujwa, hutiwa hamira mpya na sukari kidogo, hujazwa chupani, na kulazwa tena wiki kadhaa kwenye joto hilohilo kabla ya kutoka getini. Kumbuka hizo nyuzi 15. Bia hii haijawahi kukutana na joto la pwani mpaka ilipopandishwa ndege.

Tulionja chupa tatu, zote zikiwa kwenye nyuzi 13, kwa glasi za aina moja. Ya kwanza ilikuwa ya miezi minne tangu kujazwa. Ya pili ya miezi 14, iliyotunzwa kwenye ubaridi. Ya tatu nayo ya miezi 14, lakini wiki sita za mwisho ilikaa kwa makusudi kwenye stoo ya bati, ili tuone joto linafanya nini.

Ya miezi minne inapofunguliwa hupumua kwa nguvu lakini haifoki. Rangi ni ya chai ya rangi iliyokolea kiasi, yenye ukungu mwepesi. Povu ni jeupe-maziwa, linapanda vidole vinne, na linaposhuka huacha kamba za lasi ukutani mwa glasi kila baada ya funda. Puani hutangulia ganda la chungwa lililotoka kumenywa, halafu balungi, halafu majani makavu. Chini yake kuna mkate. Mdomoni utamu wa kimea hupita kama mgeni anayesalimia mlangoni tu, kisha uchungu huingia na kukaa. Kipimo chake hukadiriwa kati ya 35 na 40 kwenye vipimo vya uchungu vya kimataifa, lakini namba hiyo haisemi ni uchungu wa namna gani. Si wa mwarobaini, unaoganda kooni na kukukatisha hamu. Ni wa kahawa ya birika la shaba inayouzwa jioni barazani: mkali, safi, unaokausha ulimi na kukufanya unyooshe mkono tena. Tofauti ni kwamba hapa hakuna kashata. Ule utamu mdogo wa kimea ndiyo kashata yako, na umeumbwa uishe haraka.

Hamira ya pori kwenye chupa hii bado imejificha. Utaihisi tu mwishoni kabisa, kama vumbi.

Ya miezi 14 ni kinyume. Povu ni laini zaidi na halitaki kushuka. Chungwa limekauka likabaki ndimu kavu na karafuu kidogo. Kilichotangulia sasa ni tandiko la punda lililolowa jasho likaanikwa juani, na nyuma yake kamba mpya ya katani. Mtu aliyekulia karibu na mashamba ya mkonge hatahitaji maelezo zaidi. Inaweza kusikika kama tusi, lakini ndani ya glasi haikeri. Inaipa bia kina ambacho ile changa haina. Hamira hii hula sukari ngumu ambazo hamira ya kawaida huziacha, na hugeuza viambato vya nafaka kuwa harufu za ngozi, viungo na moshi. Ndiyo maana chupa iliyokaa huwa kavu zaidi, ina gesi zaidi, na kilevi chake husogea juu kidogo ya kile cha kwenye lebo. Uchungu wenyewe umepungua, ila kwa kuwa hakuna tena utamu wa kuufunika, unadumu mdomoni kuliko ule wa chupa changa.

Anayelijua tembo la mnazi ataielewa haraka: linagemwa asubuhi likiwa tamu, jioni limekuwa kitu kingine kabisa, na kila saa ina wapenzi wake. Ila tembo hugeuka kwa siku moja na huelekea kwenye ukali. Orval hugeuka kwa miezi na haipaswi kuwa kali. Hamira ya pori isipopata hewa hutoa asidi kidogo sana. Ikipata hewa ndipo huleta siki. Chupa yako ikiwa chachu kama siki, usiambiwe ndivyo bia za Kibelgiji zilivyo. Kizibo kimevujisha.

Chupa ya tatu, ile ya stoo ya bati, ilitusaidia kuliko zote. Tuliipoza vizuri, tukaisimamisha usiku kucha, na bado ilipofunguliwa iliendelea kufoka karibu nusu dakika. Kwenye joto hamira ya pori huchangamka, hutafuna kilichobaki na kuongeza gesi. Chungwa hakuna. Mahali pake kuna kartoni iliyolowa na asali iliyochakaa, dalili za hewa kidogo iliyokuwamo chupani kufanya kazi yake kwa kasi. Uchungu umekuwa wa kukwaruza. Watu wa maabara hukadiria kwamba kila nyuzi 10 zinazoongezeka, mabadiliko ya namna hii hukimbia mara mbili hadi tatu. Kutoka pishi la nyuzi 13 hadi bati la nyuzi 33 ni ngazi mbili, kwa hiyo wiki sita zile ni sawa na miezi kama sita hadi mwaka, tena miezi mibaya, maana joto haliharakishi mazuri na mabaya kwa uwiano uleule. Tuliimwaga.

Tukilazimishwa kuchagua chupa moja, tungechukua iliyofika miezi minane hadi kumi: hopsi bado zinasikika na zizi limeshafunguliwa mlango. Anayetafuta bia chungu ya Kiingereza kwanza achukue iliyo chini ya miezi sita na asiingojee.

Kuipata ni kwa msafiri. Kwenye shelfu za maduka ya hapa usiitafute. Anayekuja nayo aiweke kwenye begi la chini ya ndege, kila chupa peke yake ndani ya soksi nene na nguo pande zote. Kwenye begi la mkononi usiitegemee, viwanja vingi huzuia kimiminika cha zaidi ya mililita 100. Kutoka Dar hadi Tanga kuna kilomita 350 hivi, na mahali pabaya kuliko pote pa kuiweka ni buti la basi, kwa joto na kwa kutikiswa. Ipakate. Ikifika iache isimame wima siku tatu, wiki ikiwezekana, ili hamira itue chini.

Kuihifadhi nyumbani, friji ya kawaida ya nyuzi 4 hadi 8 si pishi lakini ni salama: huilaza hamira usingizi na hulinda harufu ya hopsi. Iweke rafu ya chini nyuma, si mlangoni ambako joto hupanda na kushuka kila friji inapofunguliwa. Umeme ukikatika usifungue friji kuangalia. Na usiilaze. Ikilala, hamira huganda ubavuni, na siku ya kumimina mashapo yote huja na funda la kwanza. Jua pia ni adui hata la dakika chache, kwani mwanga hushambulia viambato vya hopsi na kutoa harufu ya kicheche; kioo cha kahawia husaidia, hakizuii kabisa.

Mwenye ndugu Lushoto ana bahati yake. Mji uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na kabati la ukuta usiopigwa jua wa nyumba ya kule linakaribia pishi la watawa kuliko kifaa chochote utakachonunua Tanga mjini.

Siku ya kuinywa, itoe kwenye friji na uisimamishe mezani dakika 20 hadi 25 kabla ya kuifungua. Kwenye joto la nyuzi 30, chupa ya kiasi hiki iliyotoka kwenye nyuzi 4 hufikia 12 katika muda huo. Kipimajoto cha jikoni ni kizuri, lakini mkono nao unatosha: jasho la nje ya chupa linapoacha kutiririka na kubaki ukungu tu, umekaribia. Kama ilikuwa nje ya friji, itumbukize wima hadi shingoni kwenye ndoo ya maji yenye barafu kwa dakika 10 hadi 12. Usiitie kwenye friza kwa haraka. Ukingo wa chupa huwa baridi kupita kiasi, katikati bado ni moto, na ukiifungua, kile cha katikati hufoka kikisukuma kingine nje.

Glasi yake maalumu, yenye mguu na mdomo mpana, ilichorwa na Henry Vaes, msanifu majengo yuleyule wa abasia mpya. Huna haja nayo. Glasi kubwa ya mvinyo mwekundu inafaa vilevile. Lisilofaa ni bilauri nyembamba ya bia: povu hili linataka nafasi, glasi iwe na uwezo wa angalau nusu lita. Ioshe kwa sabuni kidogo, isuuze mara mbili, kisha mara ya tatu kwa maji baridi muda mfupi kabla ya kumimina. Glasi iliyolala kabatini na mvuke wa mafuta ya jikoni huua povu kwa dakika moja, na glasi kavu yenye nyuzi za kitambaa hulilipua. Usiigandishe kwenye friza.

Fungua polepole, opena kwa mkono mmoja na glasi tayari pembeni. Inamisha glasi nyuzi 45, mimina ubavuni kwa mkondo mwembamba bila kusimama, maana kila ukisimama bia hurudi chini ya chupa na kuvuruga mashapo. Theluthi mbili zikiingia, simamisha glasi wima na umalizie katikati ili povu lipande. Acha sentimita moja chini ya chupa. Kisha subiri dakika moja. Funda la kwanza lililonywewa kwenye povu linalopanda ni gesi tupu na litakudanganya kuhusu uchungu.

Kwa hapa glasi itapanda hadi nyuzi 20 katika dakika kama 20, na hilo si baya lote. Chungwa hufunguka zaidi kwenye 16. Zaidi ya 20 kilevi huanza kunuka na uchungu hupoteza makali yake. Panga kuimaliza ndani ya robo saa, taratibu bila kukimbizana.

Kuhusu nguvu yake, watu huiogopa namba 6.2 bure. Hesabu: sentilita 33 mara asilimia 6.2 ni mililita 20 na kitu za kilevi halisi. Kilimanjaro moja ya nusu lita yenye asilimia 4.5 ina mililita 22.5. Chupa kwa chupa, Orval ni nyepesi. Hatari iko kwa anayeagiza ya pili na ya tatu kwa mwendo wa laga.

Chakula. Hapa pwani ina marafiki wengi kuliko ilivyo kwenye meza za Ulaya, na maadui wawili. Rafiki mkubwa ni nazi. Kuku wa kupaka au samaki wa kupaka, mwenye tui zito lililoshika kwenye moto wa mkaa, hufunika ulimi kwa mafuta. Gesi ya Orval huyapasua na uchungu huyasafisha, na utamu wa tui nao unarudisha ile kashata iliyokosekana. Pweza wa nazi vilevile, hasa na chupa ya mwaka. Ngisi wa kukaanga wenye chumvi na ndimu wanataka chupa changa, chungwa kwa ndimu. Mishkaki inaungana na zote mbili kwa sababu ya ule ukingo ulioungua, mradi pilipili iwekwe pembeni. Muhogo wa kukaanga ni mzuri bila maelezo. Jibini ngumu ya Irente ya kule Lushoto, ikiachwa nje ya friji saa nzima, ndiyo kitafunio tungekiweka mezani kama hakuna mpishi.

Adui wa kwanza ni pilipili mbuzi. Uchungu na gesi huuchochea ule moto, na baada ya mafunda mawili hakuna unachoonja, si chakula wala bia. Wa pili ni achari tamu ya embe: sukari yake huifanya Orval ionekane kama dawa. Achari kali ya ndimu, kwa upande mwingine, inaenda na chupa ya miezi 14 vizuri kuliko tulivyotegemea.

Kama aliyesafiri hakuipata Orval, hizi mbili zinakaribiana nayo. XX Bitter ya De Ranke, asilimia 6, ni chungu zaidi na haina hamira ya pori. Inafaa kwa anayetaka hopsi bila zizi. Taras Boulba ya Brasserie de la Senne ya Brussels, asilimia 4.5, ndiyo iliyo karibu zaidi na bitter ya Kiingereza kwa uzito, na kwa hali ya hewa ya Tanga pengine ndiyo yenye busara zaidi, ila haistahimili kukaa: inywewe ndani ya miezi michache au usiibebe. De Koninck ni laini na ya kirafiki, lakini aliyekuja kutafuta uchungu ataiona fupi.

Ikabaki ile sentimita moja uliyoiacha chini ya chupa. Izungushe taratibu mpaka hamira inyanyuke, kisha uimimine kwenye kikombe kidogo cha kahawa, si kwenye glasi. Inanuka mkate mbichi na ina uchungu uliosongamana kuliko bia yenyewe. Wanaoipenda huinywa mwisho, baada ya glasi kuisha. Mwenye tumbo jepesi aiache: hamira hai huendelea na shughuli zake popote ilipofika.